Ua Lililotangulia Mvua

Watu wengi hupenda harufu ya udongo uliolowa. Nimewaona wakisimama mlangoni tone la kwanza linapoanguka, wakivuta pumzi na kutabasamu kama waliopokea mgeni. Mimi pia huipenda, mradi mvua imenyesha kweli. Lakini harufu hiyo ikinijia katikati ya kiangazi, pale mtu anapomwaga ndoo kibarazani au kusuuza miguu penye vumbi, uso huniwaka moto. Huinama, nikajifanya natafuta kitu. Mtaniwia radhi nikiwasimulia jambo hili kwa sauti ya chini. Ni aibu ya nyumba yetu, na katika nyumba yetu hakuna aliyeitaja.

Tulikaa Kindu, upande wa Mikelenge, enzi ambazo Wabelgiji walikuwa wangali watawala. Baba alifanya kazi kwenye treni na alionekana nyumbani kama mwezi unavyoonekana: leo yupo, kesho hayupo, na akija ni usiku. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mama, na Mama alikuwa mtu wa kuangalia. Wanawake wenzake walipokwenda shambani walitazama njia. Yeye alitazama pembeni. Alinishika kidevu na kunigeuza uso, "Ona kule," kisha akaendelea kutembea na jembe lake begani bila kunieleza nilichopaswa kuona. Nilijifunza kwa kukosea.

Ndivyo nilivyojua kuwa mwisho wa kiangazi, ambao wageni husema ni wakati uliokufa, una watu wake. Mto Lualaba ulikuwa umekonda, umeacha migongo ya mchanga katikati, na juu ya mchanga ule yalitambaa maua ya zambarau yaliyofunga midomo jua lilipopanda. Mashamba yaliyochomwa yalinuka majivu, na pembeni ya moto ndege keremkerem walikuwa wakipiga mbizi hewani, wakiwadaka panzi waliokuwa wanakimbia kuungua. Kwenye majivu yenyewe, kabla hata hayajapoa vizuri, vilichomoza viua vya njano visivyo na jani hata moja, kama vifungo vya shati vilivyoanguka. Jioni kasuku walivuka mto kurudi msituni, wakipiga miluzi, na Mama alisema wanasengenyana kuhusu sisi tuliobaki chini.

Lakini ua ambalo Mama aliliheshimu kuliko yote tuliliita ua la mvua. Kiangazi chote lilikuwa halipo. Vitunguu vyake vililala ardhini kwenye pembe moja ya kiwanja chetu, karibu na uzio wa matete, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukanyaga pale, hata kuku walifukuzwa. Kisha siku fulani, kabla mtu yeyote hajasikia radi, ardhi ile ilipasuka, ikatoka shina tupu lenye madoadoa, na juu yake likafunguka tufe jekundu la nyuzi nyembamba, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, kila uzi na unga wa njano kwenye ncha. Muda mfupi baadaye mvua ilifika. Mwaka kwa mwaka ilikuwa hivyo. Wanawake wa mtaa wetu walifukia mpunga wao kwa kulifuata ua lile. Alikuwepo monitere, kijana aliyetumwa na serikali kusimamia mashamba, mwenye kofia ngumu na fimbo ya kupimia, naye alikuwa na tarehe zake. Wanawake walimwitikia "ndiyo, monitere", kisha wakapita kwetu kumuuliza Mama.

Mwaka ule Babu alihamia kwetu kutoka Kasongo. Alikuwa baba yake Mama, mzee mrefu, mkimya, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Kukaa katika nyumba ya mkwewe kulimtia haya. Alikula kidogo, akasema ameshiba. Alipewa kiti, akasema mkeka unamtosha. Kitu kimoja tu alichoomba: mahali pa kuchukulia udhu. Kwetu maji ya udhu hayamwagwi njiani. Mtu ameosha kwayo uso anaouelekeza kwa Mungu. Si vizuri wengine wayakanyage. Mama akafikiri, akazunguka kiwanja, na mwishowe akaliviringisha jiwe bapa mpaka ile pembe ya uzio. Mguu wa mtu haukufika pale. Aliona amempa baba yake mahali penye heshima kuliko pote.

Kwa hiyo kabla ya kila sala Babu aliketi juu ya jiwe lile na birika lake la bati. Mikono ikitetemeka, maji mengi yalipita pembeni ya vidole. Mimi nilikaa karibu naye kwa sababu ya vipepeo. Sijui waliambiwa na nani. Mara tu alipoondoka, walishuka kwenye udongo mbichi, weupe, wa manjano, na wengine wenye rangi ya bluu ambayo haikupatikana hata kwenye vitenge vya dukani, wakafunga mabawa na kunyonya ardhi kwa midomo yao myembamba. Katika nchi nzima iliyokauka, hapo palikuwa na karamu. Babu aligundua kuwa ninawangoja, akawa anamwaga tone la ziada, kisha ananikonyeza.

"Mama," nilisema siku moja, "vipepeo wanakunywa maji ya Babu."

"Waache wakunywe," alijibu akipepeta mchele. "Njo thawabu yake ile."

Mimi ndiye niliyeliona ua kwanza. Asubuhi nilikuwa nikiwafungulia kuku, nikaona pua nyekundu imetokeza ardhini kama mdomo wa ndege anayetoka yaini. Sikusema. Nilitaka niwe na hakika. Shina liliporefuka na tufe lilipofunguka, nilipiga kelele hadi Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alilitazama, akatazama mbingu iliyokuwa na rangi ya majivu, akalitazama tena. Kisha akapiga kigelegele, akaninyanyua kwa kwapa na kunizungusha, mimi niliyekuwa mkubwa wa kuzungushwa.

Wanawake walikuja kabla uji haujaiva. Mama Feza, jirani yetu, ambaye ulimi wake uliwatisha hata askari wa bandarini, alisimama mikono kiunoni.

"Mapema hivi? Jua bado linachoma kama pasi ya makaa."

"Ua hii imekudanganya siku gani?" Mama akamwuliza.

"Hata moja."

"Basi!"

Mama Zaina alifika wa mwisho. Mumewe alikuwa amefariki kwa homa huko mgodini Kama, alikokuwa akichimba dhahabu, naye alikuwa ametoka tu kumaliza eda. Alikuwa angali anatembea kama mtu aliyezoea kukaa ndani, akifinya macho kwa sababu ya mwanga. Hakulitazama ua. Alimtazama Mama.

"Mama Mwayuma," alisema, "miye niko na kapu moja tu ya mbegu. Nikifukia yote, sibaki na kitu. Na monitere alisema atakuja kuangalia. Akikuta shamba tupu atanipeleka kukata majani ya barabara, na watoto nitamwachia nani? Uniambie kweli."

"Fukia yote, dada," Mama akasema. "Mvua iko njiani."

Wanawake wengine, wenye akiba, walifukia sehemu na kuacha sehemu. Mama Zaina alifukia yote. Nilikuwepo, nilimwona akiligeuza kapu na kulipigapiga kitako ili punje iliyokwama nayo ishuke.

Mvua haikuja. Tulingoja kwa furaha, kisha tukangoja kwa subira, kisha tukawa tunangoja tu. Kila jioni mawingu yalikusanyika upande wa msitu, yakanung'unika, yakaenda zao. Njiwa tetere waligundua mashamba kwanza. Walitembea kwenye mistari kwa adabu, kama watu waliokaribishwa, wakichokoa shimo baada ya shimo. Baada yao wakaja panya, na baada ya panya sisimizi, ambao waliziinua punje zilizobaki na kuzibeba kwa maandamano marefu kuvuka njia. Nilikaa nikiwatazama sisimizi wale nusu siku na kuwapenda, nguvu zao, mpango wao. Sikufikiri kwamba kila punje iliyopita mbele ya vidole vyangu ilikuwa chakula cha watoto wa Mama Zaina.

Asubuhi moja Mama alimletea Babu uji. Babu alikuwa juu ya jiwe lake, akimalizia miguu. Mama alisimama nyuma yake akingoja, kikombe mkononi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia, aliangalia. Nilimwona akifuata maji kwa macho. Yalitoka kwenye kisigino cha Babu, yakashuka kwenye jiwe, yakaingia katika ufa mwembamba wa ardhi, na ule ufa ulikwenda moja kwa moja hadi chini ya shina la lile ua jekundu. Mama akasogea. Kwa kidole gumba cha mguu alifukua kidogo vumbi la juu. Chini udongo ulikuwa mweusi, mbichi, wenye harufu ile. Mkono wake ukaenda mdomoni.

"Mwanangu," Babu akasema bila kugeuka, "uji umepoa?"

"Hapana, Baba," alisema. "Iko vizuri."

Siku ile chumvi ilizidi kwenye mboga, na Mama hakuiona. Jioni alilisogeza jiwe nyuma ya jiko, akamwambia Babu kwamba pale penye uzio pana siafu. Hakumwambia mtu mwingine yeyote neno. Nami sikujua kulikuwa na neno la kusema. Niliona tu kwamba amekuwa mtu wa kutazama chini. Njiani alimpisha Mama Zaina kwa mbali, kama mtu aliyebeba kitu kichafu.

Huko mtaani watu walikuwa wameanza kutafuta sababu. Kwao ua halidanganyi, na Mama wa ua hadanganyi. Basi kosa liko kwenye mkono uliofukia. Na mkono wa nani ulikuwa umetoka kwenye kilio juzi tu? Ikaanza kunong'onwa kwamba Mama Zaina alizihesabu vibaya siku za eda yake, akaingia shambani kabla haijaisha kwa kumwogopa monitere, na kilio chake kikaifunga mvua. Walipokubaliana kufukia tena zile mbegu za akiba kwa pamoja, shamba baada ya shamba kama ilivyokuwa desturi, waliamua Mama Zaina asiguse mbegu ya mtu. Shamba lake hawatalikanyaga.

Nilikuwepo mtoni alipoambiwa. Tulikuwa tumeshuka kuchota maji, wanawake wameinama kwenye mchanga, maji yamefika mashavu ya miguu. Mama Zaina alinyoosha mkono kumsaidia Mama Feza kujitwika mtungi. Mama Feza akarudi nyuma.

"Acha, mama. Huo mukono uache kwanza."

"Mukono wangu umefanya nini?"

"Jiulize weye. Ao uulize eda yako."

Wengine walicheka kicheko kile cha puani. Mama Zaina alibaki mkono hewani. Hakulia. Aliutazama mkono wake mbele na nyuma, akiukagua kweli, na nikaona kwamba ameanza kuamini. Nadhani hilo ndilo Mama hakuliweza. Aliweka ndoo yake chini kwa kishindo, maji yakaturukia.

"Ua imetoka kwa maji yangu," alisema. "Hakuna mvua iliyofungwa. Miye njo nilikuwa ninamwaga maji ya vyombo pale kwenye uzio. Kila siku. Sikufikiri. Ua ikadhani mvua imekuja, ikatoka. Makosa iko yangu, si ya huyu."

Hata watoto waliacha kurushiana maji.

Mimi niligeuka kumtazama Mama kwa mshangao, kwa sababu alikuwa amesema uongo. Vyombo vyetu tulikuwa tunavioshea pale pale mtoni, kwa mchanga, kila siku, mbele ya wanawake hao hao. Mama Feza aliyajua masufuria yetu, hata lile lenye mpini uliovunjika. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akikunja uso, akihesabu kitu kichwani. Kisha macho yake yakapanda ukingo wa mto hadi juu, kuelekea kwetu, ambako Babu alikuwa ameketi kibarazani na tasbihi yake, na mdomo ule uliowatisha askari ukafungwa.

"Ee, Mama Mwayuma," alisema mwishowe. "Yaani umenywesha ua kama mbuzi?"

Hapo wakacheka kwa sauti, wote, kicheko cha tumbo, wakamtania Mama hadi tukafika juu, kibarazani alipokaa Babu. Monitere akitafuta wa kumfundisha kilimo, wampeleke kwake! Mwakani amwagie mahindi supu! Mama alivumilia kila neno, shingo imenyooka chini ya ndoo. Mama Zaina alitembea nyuma yetu bila kucheka. Mchana ule Mama alishusha chungu cha mbegu zetu, akajaza kapu la Mama Zaina mpaka likafurika, akalibeba mwenyewe kichwani. Kesho yake wanawake waliingia shamba lile, Mama Feza mbele. Monitere alipokuja alichokoachokoa mashimo kwa fimbo yake, akaona punje, akaondoka. Hakumchukua mtu.

Mnaweza kudhani yakaishia hapo, watu wamepatana na watoto wamepona. Lakini Mama hakukipata tena alichopoteza. Hakuna aliyepita kwetu tena kuuliza habari za ua. Walisubiri radi, au walimsikiliza monitere. Naye akaacha kunishika kidevu. Tulipokwenda shambani alitazama njia, kama wengine, na nilipomwonyesha ndege au ua alisema "ndiyo, ndiyo" bila kugeuza shingo. Kwangu mimi, niliyekuwa mtoto, adhabu ile ilionekana kubwa kuliko kosa, tena kosa la uongo. Nilimkasirikia. Alikuwa amenifundisha nisiseme uongo hata kuhusu yai lililovunjika.

Kuhusu Babu nilikuwa na maelezo yangu pia, na niliyaamini miaka mingi. Jioni ile ya mtoni alikuja polepole na birika lake hadi pembe ya uzio, ingawa jiwe halikuwepo tena. Ua lilikuwa limeanza kunyauka, unga wake umemwagika. Vipepeo walikuwa wamekwenda. Babu alichuchumaa pale muda mrefu.

"Mwayuma," aliniuliza, "ua hii inatokaka wakati gani?"

"Mvua ikikuja, Babu," nilijibu, nikiwa na fahari ya kujua jambo asilolijua mtu mzima.

"Na mvua ilikuja?"

"Bado."

Aliitikia kwa kichwa. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mwalimu. Sala iliyofuata hakuchukua birika. Alipiga viganja vyake kwenye vumbi la ukuta, akapangusa uso, akapangusa mikono, akaingia kusali. Tayamamu, udhu wa udongo, ambao umeruhusiwa kwa msafiri aliyekosa maji na kwa mgonjwa. Mama alisimama na mtungi uliojaa.

"Baba, maji iko."

"Mwili haupendi baridi siku hizi, mwanangu."

Joto lilikuwa la kupasua mawe. Mama aliutua mtungi taratibu, akakaa karibu nao. Wala hawakutazamana. Tangu siku ile ikawa hivyo kabla ya kila sala, na mimi niliwaeleza wenzangu kwamba babu yangu amezeeka, anaogopa maji kama paka, tukacheka.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikauliza, na si Mama niliyemwuliza bali mwalimu mmoja wa dini, kama mzee mwenye mtungi uliojaa pembeni yake anaweza kutayamamu kwa sababu tu ya kuona haya. Alinitazama kwa huruma, akasema hapana, hilo si miongoni mwa udhuru. Babu alikuwa amesoma Kasongo. Alilijua hilo kabla mwalimu yule hajazaliwa. Basi alikuwa anasimama mbele ya Mungu wake kila siku na udhu ambao yeye mwenyewe hakuwa na hakika nao, kwa ajili ya kapu la mbegu za mjane ambaye hakuwahi kumsemesha. Na binti yake alikuwa amejiharibia jina lake mtoni ili yeye asijue. Kila mmoja alimficha mwenzake, chini ya paa moja, na kila mmoja alijua. Na nani katika mtaa ule hakujua, isipokuwa mimi?

Mvua ilipokuja mwaka ule, ilikuja bila kupimwa. Ilipiga makuti usiku na mchana, ikajaza ndoo, ikageuza njia kuwa mito na mashamba kuwa kijani. Kiwanja chetu kilikuwa maji matupu. Nakumbuka nimekaa mlangoni nikichezesha miguu kwenye mchirizi, nikimtazama Babu, amejibana chini ya upenu, anapapasa ukuta kwa kiganja kinachotetemeka, huku na huku, taratibu, anatafuta mahali palipobaki vumbi.